Shajara ya mradi: protini nne na sufuria ya presha

Februari 9

Bloku kumi na mbili za kwanza, yaani vipande vya nyama ya wagonjwa vilivyogandishwa ndani ya nta ya parafini, zimeshuka kutoka stoo leo, ndani ya boksi la viatu. Daktari amenipa daftari jipya na sharti moja: niandike kila siku nitakayogusa bloku, na siku nitakayoharibu niandike zaidi. Ninachokiweka hapa ni daftari hilo hilo. Namba na kila kinachoweza kumtambulisha mgonjwa nimeviondoa.

Swali letu si jipya wala si letu peke yetu. Mtu amekatwa kipande cha utumbo mpana chenye saratani. Mshono ukishapona anaanzishiwa dawa, na kiini cha dawa hizo ni fluorourasili, iliyobuniwa Marekani mwaka 1957 na mpaka leo haijastaafu. Wapo inaowafaa. Wapo wanaoambulia vidonda vya mdomo na kuharisha, kisha uvimbe ukarudi kama ambao haukuguswa. Je, kile kipande kilichobaki ndani ya parafini hakiwezi kutwambia mapema nani ni nani?

Protini zilizowahi kupendekezwa kwa kazi hiyo ni nyingi. Iko thimidileti sinthasi, kimeng'enya ambacho dawa yenyewe hukifunga. Ilidhaniwa kikizidi ndani ya uvimbe basi dawa itashindwa. Iko ERCC1 kwa ajili ya oksaliplatini, dawa nyingine ya saratani. Kwenye karatasi zote mbili zinapendeza. Tafiti zake zimevutana miaka na miaka, huyu akisema ndiyo na yule akisema siyo, na maabara yenye friji moja haina ubavu wa kuamua ugomvi huo. Tumekubaliana kushika nne ambazo madaktari duniani tayari wanazitumia kuamua dawa: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, zote za kurekebisha makosa ya DNA. Kazi yetu ni kuhakikisha zinasomeka sawasawa hapa Unguja, kwa bloku zetu, joto letu na maji yetu.

Februari 12

Kijana wa mazoezi ameniuliza: protini ya kurekebisha DNA inaingiaje kwenye habari ya dawa kushindwa? Nikaanza kumjibu kwa maneno ya darasani, nikaona macho yake yamekwenda dirishani. Nikamchukua nyumbani kwetu.

Mama yangu anashona kofia za vitobo. Mahali anapokosea si kwenye ua gumu, maana ua gumu analitolea macho. Anakosea kwenye mstari mrefu wa vitobo vinavyofanana, kimoja, kimoja, kimoja, mkono unakwenda wenyewe huku yeye anazungumza na jirani barazani. Hapo ndipo anaporuka kimoja au kuzidisha. DNA nayo ina mistari ya herufi zinazojirudia, na seli ikijinakili huteleza papo hapo. Sasa kuna shangazi yangu, ambaye kazi yake ni kupitia kofia kabla hazijapelekwa mjini. Anapitisha kidole, anahesabu, akikuta kosa anafumua. Shangazi ndio protini zetu nne. Hutembea wawili wawili: MSH2 na MSH6 hupapasa mpaka zikalikuta kosa, MLH1 na PMS2 hufuata nyuma kusimamia kukata na kushona upya.

Fluorourasili huifungia seli njia ya kutengeneza herufi T, na pia hujipenyeza yenyewe ndani ya DNA kama uzi mbovu. Shangazi akiukuta uzi huo anafumua na kushona, lakini uzi uliomo kikapuni ni ule ule mbovu, basi anafumua tena. Ndivyo inavyoelezwa: mwisho wake kofia inatupwa, yaani seli inajiua. Pasipo shangazi, hakuna wa kuigomea. Kofia inakwenda sokoni na uzi wake mbovu.

“Kwa hiyo uvimbe wenye makosa mengi ndio usiosikia dawa?” Kwa dawa hii ikiwa peke yake, ndiyo. Katika saratani 100 za utumbo mpana, kama 15 ndizo zilizokosa shangazi. Zile zilizokwisha kusambaa mwilini ni kama 5 tu.

Februari 23

Ramadhani imeingia na joto la kaskazi halijatoka. Nakata vipande vyembamba vya mikroni 3, na parafini kwenye chumba chenye joto haikatiki, inajikunja kama mkate wa kumimina ulioungua pembezoni. Dawa yake ni barafu. Nimenunua barafu za mifuko kwa jirani, nimezitandaza kwenye sinia, nikazilaza bloku kifudifudi dakika kumi. Utepe ukatoka mzima, slaidi nne kwa kila bloku na mbili za akiba.

Slaidi za kawaida hazifai. Kwa kazi hii zinatakiwa zile zenye chaji, ambazo zinaishika nyama wakati wa kuchemsha, na bei yake unaijua ukiiona. Ami, mtaalamu wa zamani aliyestaafu lakini bado anapita kututazama, akasema wakati wao walikuwa wanapaka ute wa yai. Tumejaribu slaidi mbili kwa heshima yake. Zote mbili nyama ilibaki inaelea kwenye sufuria. Ami akacheka, akasema wao hawakuwa wakichemsha.

Machi 5

Kuhusu kuchemsha. Formalini huilinda nyama isioze kwa kuzifunga protini zake pamoja, kama samaki waliotungwa kwenye kamba moja. Protini zipo, ila kingamwili, ile tunayoipaka kwenye slaidi ili iitafute protini moja na kuinasa, haipati pa kuishika. Mwaka 1991 Shan-Rong Shi na wenzake walionyesha kwamba ukiichemsha slaidi, vifungo vile hulegea. Jambo la jikoni kabisa, na likabadilisha patholojia nzima. Maabara tajiri wana mashine. Sisi tuna sufuria ya presha ya lita tano, jiko la umeme na saa ya ukutani.

Saa tisa alasiri sufuria inapoanza kupiga filimbi, na watu wamefunga, mlangoni hupita kila mtu akiuliza pweza ameiva au bado. Nimebandika karatasi kwenye mfuniko: SI YA CHAKULA. Si mzaha. Kuna siku itakosekana sufuria ya futari na mtu atakuja kuazima.

Machi 9

Siku niliyoharibu.

Slaidi nane, wagonjwa wawili, protini nne kila mmoja. Utaratibu ulikwenda kama kawaida: kuyeyusha parafini kwenye zailini, kushuka kwenye ethanoli mpaka maji, sufuria, kupoza, kuzima vimeng'enya vya damu kwa peroksaidi, kingamwili ya kwanza, ya pili, kisha DAB, ile rangi inayogeuka kahawia pale kingamwili ilipokaa. Mwisho hematoksilini, ili kila kiini cha seli kionekane buluu hata kama hakina kahawia.

Nikaweka darubini. MLH1 kahawia, safi. PMS2 kahawia. MSH2 kahawia. MSH6 buluu tupu, kwa wagonjwa wote wawili. Moyo ukanidunda. Nikaandika kwa penseli: MSH6 imepotea. Nikamkimbilia Daktari nikiwa na sinia mkononi, kama mtoto aliyeokota lulu.

Hakutazama uvimbe. Alisogeza slaidi pembeni, akaacha kwenye kundi la limfosaiti, zile seli nyeupe za kinga ya mwili.

“Hizi ni za nani, mwanangu?”

“Za mgonjwa, Daktari.”

“Zina saratani?”

“Hazina.”

“Basi mbona nazo ni buluu?”

Sikuwa na la kusema. Limfosaiti za mtu yeyote, na vijishimo vya utumbo usio na ugonjwa vilivyo kando ya uvimbe, lazima viwe na MSH6. Hao ndio mashahidi wa ndani ya slaidi. Mashahidi wakinyamaza, kesi haipo. Kimya cha uvimbe kina maana pale tu jirani yake anaposema. Akachukua penseli yangu, akakata “imepotea”, akaandika “haisomeki, irudiwe”.

Kosa nimelipata jioni. Maji ya kuchemshia ya aina mbili yalikuwa kwenye chupa mbili zinazofanana kama pacha: sitreti ya pH 6, na trisi yenye EDTA ya pH 9. Slaidi za MSH6 nilizichemsha mafungu ya mwisho, kwenye sitreti. Kingamwili yetu ya MSH6 inataka pH 9. Nimezifunga utepe wa rangi: nyekundu kwa 6, kijani kwa 9. Tepe mbili za shilingi mia tano, na mtu angeweza kuandikiwa kwamba huenda ana saratani ya kurithi katika ukoo, naye hana.

Machi 10

Nimerudia kwa pH 9. MSH6 kahawia, wote wawili.

Machi 26

Baada ya Sikukuu. Limeletwa kopo kutoka hospitali moja, lilikuwa la achari ya embe, na lebo ya embe bado iko. Ndani kuna kipande cha utumbo kirefu kuliko kiganja, hakijapasuliwa, kimebanwa, na formalini imefunika nusu tu. Kilikatwa siku mbili kabla ya Sikukuu. Nimehesabu siku: sita.

Sitamlaumu mtu, na jina la hospitali sitalitaja, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza. Nitaandika ninachotaka wajue, maana nitawapelekea wao kwanza. Formalini huingia ndani ya nyama kwa mwendo wa kama milimita moja kwa saa, tena upande ule tu iliyogusa. Utumbo usiopasuliwa unaoza katikati huku nje umekauka. Kipimo cha formalini ni mara kumi ya ujazo wa nyama. Muda wake ni saa 6 hadi 72. Pungufu ya hapo protini hazijatulia, ziada ya hapo zinafungana mno hata sufuria haizifungui. Tena iwe formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, maana ile isiyosawazishwa hugeuka asidi na kuacha madoa ya kahawia nyeusi ambayo mtu asiyejua atayasoma kuwa rangi.

Na penseli. Lebo ya kalamu ya wino hufutika kwenye ethanoli. Mwaka jana tulikuwa na bloku tatu zisizo na mwenyewe kwa sababu ya kalamu nzuri ya bluu.

Kipande cha kopo la embe nimekikata hivyo hivyo. Pembezoni limfosaiti zimeshika rangi kidogo, katikati hakuna kitu. Haisomeki. Nimemwomba Daktari tutafute kipande kidogo cha awali, kile kilichotolewa kwa kamera kabla ya upasuaji. Vipande vile ni vidogo kama punje ya mchele, formalini inavimaliza kwa muda mfupi. Kwa protini hizi nne mara nyingi ndivyo vinavyosomeka vizuri kuliko utumbo mzima.

Aprili 2

Daktari wa upasuaji amepita akauliza: mbona KRAS, protini nyingine, hatuipaki rangi, na hiyo ndiyo inayozungumzwa kuhusu setuksimabu, dawa nyingine ya saratani hii? Jibu fupi: KRAS iliyoharibika hubadilika kwa asidi amino moja tu, mara nyingi pale penye namba 12 au 13, na rangi zetu haziwezi kuitofautisha na nzima. Hiyo inataka kusoma jeni. Saratani kama 40 kati ya 100 za utumbo mpana zina KRAS iliyobadilika, na tangu tafiti za mwaka 2008 inajulikana kwamba wenye mabadiliko hayo setuksimabu haiwasaidii. Akasema, “Kwa hiyo nyinyi mna rangi tu.” Ndiyo, tuna rangi tu.

Aprili 14

Masika yamekamata. Umeme umekatika saa tano usiku, nyama zikiwa katikati ya mashine ya kukausha. Wanaokumbuka giza la mwaka 2008, pale waya wa chini ya bahari ulipoharibika tukakaa karibu mwezi mzima, na lile lililoanza Disemba 2009 likaenda miezi mitatu, huu wataona ni mchezo. Ulikatika kwa muda wa saa sita tu. Lakini kingamwili hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na kichupa kimoja ni kidogo kuliko kidole gumba.

Mlinzi alinipigia simu nikaja na bodaboda, mvua imenipitia mpaka mfupa. Tulizijaza chupa za barafu kwenye friji, tukaifunga kwa kanga, na hakuna aliyeifungua mpaka alfajiri. Kipimajoto kilisoma 7. Mlinzi anataka aandikwe kwenye shajara. Nimemwandika.

Unyevu nao ni tatizo lake peke yake: slaidi haikauki, na isiyokauka inabanduka sufuriani. Sasa zinalala usiku kucha kwenye oveni ya nyuzi 37 kabla sijaanza.

Aprili 21

Bloku ya kumi na nne. Uvimbe wa upande wa kulia, karibu na kidole tumbo, una ute mwingi, na limfosaiti zimejazana ndani yake kama abiria wa daladala ya jioni. Daktari alipouona kwa rangi ya kawaida alisema kwa sauti ya chini, “Huu tuusubiri.”

MSH2 kahawia. MSH6 kahawia. MLH1: nimesogeza slaidi polepole, safari hii nikaanza pembeni. Vijishimo vizima vimeiva, kahawia mpaka chini. Nimevuka mpaka. Tezi za uvimbe ni buluu, zote, na katikati ya tezi hizo hizo, limfosaiti moja moja, kahawia, kama mbegu za papai. Shahidi amekaa ndani kabisa ya nyumba ya mtuhumiwa na anasema. PMS2 vivyo hivyo.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. PMS2 bila mwenzake MLH1 haidumu, seli huivunja. MLH1 ikipotea, PMS2 hufuatana nayo. Kinyume chake sivyo: MLH1 inao wenzi wengine, kwa hiyo PMS2 inaweza kupotea peke yake na MLH1 ikabaki. MSH2 na MSH6 nao wana ndoa ya namna hiyo hiyo. Ukikuta MLH1 imepotea na PMS2 ipo, kabla ya kushangaa, angalia utepe kwenye chupa.

Sikukimbia na sinia. Nilipaka tena siku ya pili kwa slaidi za akiba, nikapata kile kile, ndipo nikaipeleka. Daktari akaangalia limfosaiti kwanza, kisha uvimbe, kisha akaniangalia mimi. Akasaini.

Aprili 27

Jibu limezaa maswali matatu, na hakuna hata moja la maabara peke yake.

La kwanza, dawa. Kama ugonjwa ni wa hatua ya pili, fluorourasili peke yake haitarajiwi kumpa mgonjwa huyu faida, na wagonjwa wa namna hii kwa hatua hiyo hali zao huwa nzuri kuliko wengine hata bila ya dawa. Kama ni hatua ya tatu, habari ni nyingine: hupewa pamoja na oksaliplatini, na haikataliwi kwa sababu ya rangi yetu. Na kama umeshasambaa, makosa yale yale yaliyoufanya uvimbe usisikie fluorourasili yanaujaza protini za ajabu ajabu ambazo kinga ya mwili inazitambua, ila imefungwa breki. Pembrolizumabu huiachia breki hiyo. Utafiti uliochapishwa 2020, wenye wagonjwa 307 wa aina hii, ulikuta kwamba kwa waliopewa pembrolizumabu muda wa kati kabla ya ugonjwa kusonga ulikuwa miezi 16.5, na kwa waliopewa dawa za kawaida 8.2. Kwa bei yake, kwa wengi wa hapa kwetu dawa hiyo bado ni jina la kwenye karatasi. Nimeiandika kwenye ripoti hata hivyo. Dawa isiyo na jina kwenye karatasi, hakuna atakayeidai.

La pili, kwa nini MLH1 imepotea. Mara nyingi, hasa kwa wazee, jeni yake haikuharibika, imefungwa tu kufuli kwa kemikali, na hilo halirithiwi. Njia ya kuanzia ni kutafuta badiliko la jeni ya BRAF liitwalo V600E: likiwepo, urithi karibu unaondoka kwenye hesabu. Hatuna kipimo hicho. Vipande vimekatwa na vitavuka Dar es Salaam kwa boti wiki hii, ndani ya bahasha, bila barafu, kwani parafini ni msafiri asiye na matatizo.

La tatu ni ukoo. Mgonjwa ni wa umri wa kati, siye mzee, na kwenye fomu kuna mstari mmoja: dada yake, Pemba, alikatwa mji wa uzazi kwa uvimbe. Kwenye ugonjwa wa Lynch, ule wa kurithi jeni mbovu ya mojawapo ya protini hizi, saratani ya mji wa uzazi hukaa karibu sana na hii ya utumbo. Mambo haya yalianza kuandikwa mwaka 1895 huko Michigan, pale daktari Aldred Warthin alipomsikia mshonaji wake akisema kwamba naye atakufa kwa saratani kama jamaa zake, na akafa hivyo. Mshonaji! Nilipomsimulia mama, alitua sindano, akauliza kama watoto wake walipona.

Kumpigia dada si kazi yangu. Daktari atazungumza na mgonjwa kwanza, akiridhia ndipo. Alichosema ni kwamba hataanza na neno saratani, ataanza na mama yao na bibi zao, walikuwa wangapi na waliondokaje.

Mei 4

Majibu ya BRAF bado. Dada amekubali kuja, anasubiri bahari itulie.

Bloku mpya nane. Moja ni ya puru, na mgonjwa alishapata mionzi kabla ya upasuaji. MSH6 hufifia baada ya tiba ya namna hiyo, kwa hiyo hiyo sitaikata. Nimeandika stoo waitafute ile punje ya mchele ya kabla ya mionzi. Kijana wa mazoezi ameshuka huko tangu saa nne na sijamwona tena.

Zilizobaki saba ziko kwenye sinia la barafu. Chupa ya kijani imebaki nusu, nichanganye nyingine kesho asubuhi kabla ya sufuria.